Rube Foster: Aliyeunda timu bora, kisha akawajenga wapinzani wake

KIJANA anayekimbiza mpira kwenye mchanga wa Longech, kando ya Ziwa Turkana, huenda hajawahi kulisikia jina la Rube Foster. Hata hivyo, swali lililomkosesha Mmarekani huyo mweusi usingizi zaidi ya karne moja iliyopita si geni kwa vijana wa Lodwar na Kakuma: kipaji kitafika wapi pasipo mtu wa kukitafutia uwanja, ratiba na malipo?

Andrew Foster alizaliwa mwaka 1879 katika jimbo la Texas, mwana wa mhubiri wa Kimethodisti. Aliacha masomo mapema ili acheze besiboli. Wakati huo ligi kuu za mchezo huo zilikuwa zimewafungia watu weusi mlango tangu miaka ya 1880. Hakukuwa na sheria iliyoandikwa; makubaliano ya chinichini ya wamiliki wa timu yalitosha.

Foster, jitu la miraba minne, alikuwa mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Mwaka 1903 aliishindia Cuban X-Giants mechi nne katika fainali ya timu za watu weusi dhidi ya Philadelphia Giants. Mwaka uliofuata alihamia kwa hao hao aliowashinda, akawalaza waajiri wake wa awali.

Alipojiunga na Leland Giants ya Chicago mwaka 1907, alishika pia hatamu za umeneja. Aligundua upesi kwamba timu za watu weusi zilijaza viwanja huku fedha zikiishia kwa mawakala waliopanga mechi. Akaanza kuzipanga mwenyewe na kudai mgao mnono zaidi wa viingilio.

Mwaka 1911 aliunda Chicago American Giants kwa ubia na mfanyabiashara mzungu, John Schorling. Timu hiyo ilitumia uwanja uliokuwa umehamwa na White Sox, mojawapo ya klabu za ligi kuu.

Mtindo wake ulitegemea kasi na akili. Badala ya kusubiri kigongo kizito kiupeleke mpira mbali, aliwafunza vijana wake kuugusa tu ili udondoke karibu, kisha watimue mbio kabla mpinzani hajauokota. Inasimuliwa kwamba alichora duara uwanjani na kumtoza faini aliyeshindwa kuutuliza mpira ndani yake, na kwamba akiwa kando ya uwanja alitoa ishara kwa moshi wa kiko chake. Wachezaji wake walivaa nadhifu na kusafiri kwa behewa la kukodi, jambo lililowakinga na hoteli zilizowakataa weusi.

Lakini timu inayomshinda kila mtu huishia kukosa wa kucheza naye. Mnamo Februari 13, 1920, Foster aliwakutanisha wamiliki wenzake mjini Kansas City, wakaunda Negro National League, ligi ya kitaalamu ya timu nane za watu weusi. Yeye akawa rais wake. Alikuwa tayari amewapeleka baadhi ya nyota wake, akiwemo Pete Hill, kuipa nguvu Detroit Stars. Timu zilipoishiwa fedha za mishahara, alizikopesha.

American Giants walitwaa mataji ya misimu mitatu ya kwanza, 1920 hadi 1922. Manung'uniko hayakukosekana. Wapinzani walilalamika kwamba mtu aliyekuwa rais wa ligi na mpangaji wa mechi hangeweza pia kumiliki timu bila kuipendelea. Lalama hizo zilikuwa na uzito, kwani mamlaka yote yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Mzigo huo hatimaye ulimlemea. Mwaka 1925 alinusurika kifo baada ya kuvuta gesi iliyovuja chumbani mwake mjini Indianapolis. Mwaka 1926 akili yake ilivurugika, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kankakee, Illinois. Timu yake, chini ya mwanafunzi wake Dave Malarcher, ilishinda ubingwa wa timu za weusi mwaka huo na 1927. Ligi nayo ilikosa mrithi wa kiwango chake. Foster alifariki Desemba 9, 1930, na ligi ikasambaratika baada ya msimu wa 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi.

Mbegu haikufa. Jackie Robinson, aliyeuvunja mwiko wa ubaguzi katika ligi kuu mwaka 1947, alikuwa ametokea Kansas City Monarchs, mojawapo ya timu nane za mwaka 1920. Foster aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli mwaka 1981. Mwaka 2020 ligi za weusi zilitambuliwa rasmi kuwa ligi kuu.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Ilipofika 2016, baada ya mchujo ulioandaliwa na wakfu wa Tegla Loroupe, wakimbiaji watano kutoka kambi hiyo walishiriki Olimpiki za Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Miguu yenye kasi ilikuwepo siku zote. Aliyekosekana ni mwandalizi. Foster alikuwa mwandalizi wa aina hiyo, ingawa alisahau kumwandaa wa kumrithi.