Mzee wa Toyota aliyekufa bila kuiona Hiace ya Mkonze

Juzi nimetoka Mkonze kwenda mjini, nimebanwa siti ya nyuma ya Hiace, goti langu liko kwenye kiuno cha mama mmoja mwenye ndoo ya zabibu. Ubavuni mwa lile gari bado kuna maandishi ya Kijapani, hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Labda lilikuwa la duka la samaki huko kwao, labda la chekechea, nani ajuaye. Barabara nzima ya Iringa nikawa nahesabu magari: Noah, Hiace, Corolla, IST, Hiace tena, halafu shangingi la mkubwa fulani likatupita kama hatupo. Yote Toyota. Nikajiuliza, hivi huyu Toyota ni nani hasa? Leo nimeamua tumjue.

Kwanza kabisa, hakuna mtu anayeitwa Toyota. Ukoo unaitwa Toyoda, jina ambalo kwa maana yake ni shamba la mpunga lililostawi. Sisi huku kwetu tunalima uwele na mtama, lakini shamba lao la mpunga ndo linatubeba kila siku. Mwenye kuanzisha magari ni Kiichiro Toyoda, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1894 kijijini, katika mkoa wa Shizuoka, Japani. Baba yake, Sakichi, alikuwa mtoto wa seremala, na kichwani mwake mlikuwa na kitu kimoja tu: mashine za kufumia nguo. Aliganda na mashine zake hadi mkewe akaondoka na kumwacha Kiichiro akiwa mchanga kabisa. Dogo akalelewa na babu na bibi. Kwa hiyo wale mnaodhani alizaliwa kwenye mteremko, poleni.

Akasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Tokyo, akamaliza 1920, akarudi kwa baba yake. Mwaka 1924 wakatoa mashine ya kufuma iliyobadilisha uzi yenyewe bila kusimama. Ilikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, wakubwa wa dunia katika kazi hiyo, ikaingia mkataba wa pauni 100,000 ili iruhusiwe kuitengeneza. Fikiria, Mwingereza anamlipa Mjapani kwa ajili ya ufundi, miaka hiyo!

Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Mnajua barabara za Japani wakati huo zilijaa magari gani? Ya Wamarekani! Tetemeko kubwa la 1923 liliharibu reli za tramu za Tokyo, jiji likaagiza malori ya Ford na kuyageuza mabasi. Ford wakaona kumbe huku kuna soko. Mwaka 1925 wakafungua kiwanda Yokohama, na General Motors wakafuata Osaka 1927. Vipande vinakuja kwa meli kutoka Marekani, vinafungwa pale, vinauzwa. Yaani Mjapani wa 1930 alikuwa kama mimi na wewe leo: dereva wa gari la mwenzake.

Kiichiro alikuwa na uwanja wa kutulia na kula hela za mashine za nguo. Badala yake akaanza kuchezea injini ndogo ya petroli, na Septemba 1933 akafungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha nguo. Akalifungua gari la Chevrolet, akalipima kipande kwa kipande, akajifunza. Mwaka 1935 likatoka gari la majaribio, na mwezi Novemba mwaka huohuo likatoka lori la G1.

Wadau, nisiwadanganye, lori lile lilikuwa kimeo. Linaharibika njiani kila mara. Akaliuza kwa bei ya chini kuliko Ford na Chevrolet, wakati kulitengeneza kulimgharimu zaidi ya hapo. Lakini likizimika, mafundi wa kampuni wanatumwa walipo wateja, wanatengeneza, na wanarudi na taarifa ya kilichokatika ili kiwandani warekebishe. Kazi ya mauzo akampa Shotaro Kamiya, jamaa aliyetokea General Motors hapohapo Japani. Alimchukua mtu anayemjua mpinzani kutoka ndani.

Tuseme ukweli lakini, bidii peke yake isingetosha. Mwaka 1936 serikali ya Japani ilipitisha sheria ya kuwabana Ford na General Motors na kuwalinda wenyeji. Jeshi lilikuwa linataka malori, na malori hayo yalienda kwenye vita ambavyo China inavikumbuka kwa uchungu hadi leo. Hilo nalo limo kwenye historia, tusilirukie.

Mwaka huohuo wa 1936 walishindanisha watu kuchora nembo, na hapo Toyoda ikawa Toyota, kwa sababu kwa maandishi yao Toyota inaandikwa kwa mikato 8, namba ya bahati. Kampuni yenyewe ikasajiliwa tarehe 28 Agosti 1937.

Bahati gani sasa! Baada ya vita, 1949, uchumi ukabanwa, watu wakakopa malori na hawalipi. Toyota ikabaki nywele moja tu ifilisike. Kiichiro alikuwa amewaahidi wafanyakazi kwamba hatafukuza mtu, wao wakakubali kukatwa mshahara. Mabenki yakaiokoa kampuni kwa masharti magumu, na mwaka 1950 ukaja mpango wa kupunguza watu 1,600. Wakagoma. Mzee akaona ameshindwa kutunza neno lake, na mwezi Juni akajiuzulu. Hakumtupia lawama mtu wa chini yake.

Wiki chache tu baadaye vita vya Korea vikaanza na jeshi la Marekani likaagiza malori ya Toyota 1,000. Kampuni ikafufuka, mwenyewe akiwa nyumbani. Mwaka 1952 wakamwomba arudi, akakubali. Tarehe 27 Machi 1952, kabla hajashika tena kiti chake, akafa ghafla kwa mshipa wa damu kichwani. Alikuwa na miaka 57. Jina la Land Cruiser lilianza kutumika 1954, yeye yuko kaburini.

Huku kwetu wazee wanakumbuka zama za Land Rover 109 na Peugeot 404. Halafu zikaja Stauti, zile pikapu zilizowekewa mabenchi nyuma, abiria wanatazamana, zikaitwa chai maharage. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa mwenyewe, na mwaka huohuo Toyota ikashinda Safari Rally, ikashinda tena 1985 na 1986. Baadaye mlango wa mitumba ukafunguka. Japani wana ukaguzi wa lazima, gari jipya baada ya miaka 3 kisha kila miaka 2, na una gharama, kwa hiyo wengi wanaliachia gari likiwa bado zima. Usukani uko kulia kama kwetu. Likishuka bandarini Dar, ni kulipa ushuru na kuondoka.

Lakini kilichoimaliza Land Rover, kwa maoni yangu, ni fundi wa chini ya mti. Pale Mkonze gari likigoma, spea utapata na kijana wa kulifungua utampata. Ni lilelile somo la lori bovu la 1935: usimwache mteja barabarani.

Ninachotaka kusema ni hiki. Sisi vijana tunaota kuagiza IST. Sawa, ote tu, hata mimi naota. Ila Kiichiro aliota mbele zaidi, akiwa katika nchi iliyojaa magari ya watu. Sisi tulijaribu kule Kibaha na magari ya Nyumbu, hayakufika barabarani kwa wingi. Tatizo ni mtaji, ni serikali, au ni sisi tunaocheka kitu cha kwanza kikiwa kimeo? Mimi naona ni hilo la mwisho. Lori la kwanza la Toyota lingezalishwa Dodoma tungelipa jina la utani na kulizika siku hiyohiyo.

Haya wadau, uwanja ni wenu, tupieni maoni hapo chini. Matusi sitayaweka.