Maisha ya Bibi Helen Keller

Bibi Helen Keller alizaliwa Tuscumbia, Alabama, Marekani, tarehe 27 Juni 1880, akiona na kusikia kama sisi. Alipopata miezi 19 aliugua sana, akawa kipofu na kiziwi. Mwaka 1887 alikuja mwalimu, Anne Sullivan, akamfundisha maneno kwa alama za vidole kiganjani, herufi moja moja. Mtoto hakuelewa kitu, mpaka siku maji ya pampu yalipomwagikia mkono wake. Ndipo akatambua kuwa kila kitu kina jina. Mwaka 1904 alihitimu katika chuo cha Radcliffe.

Wengi huishia hapo, lakini mimi napenda zaidi habari za uzeeni. Mwalimu yule naye alipofuka kabla ya kufa mwaka 1936. Helen aliendelea; mwaka 1951, akiwa na miaka 70, alizuru Afrika Kusini kuwatetea vipofu na viziwi. Alifariki mwaka 1968.

Hapa Nyamirambo, Kigali, babu yangu haoni tena, wala hasikii. Wageni humpigia kelele za salamu, kisha humwacha kitini. Kwa kuwa zamani alisoma, mimi humwandikia herufi kubwa kiganjani kwa kidole. Jana aliniuliza bei ya maharagwe.