André Citroën: diama ilimwangusha baba, motokari ikamwangusha mtoto

Leo tunawaelezea maisha ya bwana mmoja ambaye jina lake mmeliona mara mingi mbele ya motokari: André Citroën. Alikufa mu 1935. Lakini maisha yake yanatuhusu sisi watu wa Kapalata na Kisangani nzima kwa mambo mawili. Yalianza na diama, na motokari zake zilipita pande zetu wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Stanleyville.

Alizaliwa Paris tarehe 5 mwezi wa pili 1878, mtoto wa mwisho kati ya watano. Baba yake, Levie Citroen, alikuwa Muyahudi wa Uholanzi, na mama, Masza, alitoka Warsaw. Kazi ya baba ilikuwa kuuza diama. Biashara ilienda vizuri, kisha ikaharibika. Mu 1884 baba alijiua, na wanaoandika historia ya jamaa hiyo wanasema ni juu ya pesa aliyopoteza katika mgodi wa diama wa Afrika ya Kusini. André alikuwa na miaka sita tu. Kwa mtu asiyejua shimo, hiyo ni habari ya mbali. Sisi tunajua nyumba ambamo pesa yote iliingia ndani ya shimo na shimo halikurudisha kitu. Tunajua pia mama anayebaki na watoto.

Mama alishika nyumba, na mtoto akashika masomo. Aliingia École Polytechnique, shule kubwa ya mainjinia wa Ufaransa, akamaliza mu 1900. Mwaka ule ule alienda Poland kuona jamaa ya mama yake, na huko aliona magurudumu ya meno ambayo meno yake yalikatwa kama herufi V. Meno ya namna hiyo yanashikana vizuri, hayapigi kelele, yanabeba nguvu mingi. André alinunua haki ya kuyatengeneza, akaanza kuyakata kwa chuma. V mbili zile njo alama ya Citroën mpaka leo.

Vita ya 1914 ilipoanza, jeshi la Ufaransa lilikosa makombora. Citroën akajenga haraka kiwanda kikubwa pale Javel, Paris, pembeni ya mto Seine, na wanawake wengi waliingia kazi mule. Vita ikaisha, kiwanda kikabaki na mashini bila kazi. Yeye alikuwa amekwisha kwenda Marekani kuona namna Henry Ford anavyotengeneza motokari moja nyuma ya ingine, zote sawasawa. Mu 1919 akatoa Type A, motokari ya kwanza ya Ulaya kutengenezwa kwa wingi namna ile. Ilitoka kiwandani na taa zake, mipira yake na démarreur yake. Mnunuzi anapanda, anaenda.

Hapa tusimame kidogo, juu hapa njo siri yake. Kabla ya wakati ule, motokari nyingi zilikuwa kazi ya mkono. Fundi alikuwa anapiga tupa piesi moja moja mpaka inaingia. Piesi ya motokari hii haikuingia katika ile, hata kama zote mbili zimetoka garaji moja. Ukivunja kitu, unarudi kwa fundi aliyekitengeneza. Kwa Citroën, piesi zote zilikuwa na kipimo kimoja. Ukivunja, unaleta ingine, unafunga, basi. Akapanga watu wa kuuza na kutengeneza motokari zake katika miji mingi ya Ufaransa na inje, wenye stoki ya piesi na bei za matengenezo zinazojulikana mbele. Akauza kwa deni pia, mtu analipa kidogo kidogo. Alijua kwamba motokari haifi siku inapovunjika. Inakufa siku piesi inapokosekana.

Alijua tena kujitangaza. Tangu 1925 mpaka 1934 jina lake liliwaka kwa taa za umeme juu ya Tour Eiffel, na usiku watu waliliona toka mbali sana.

Tena mu 1925 motokari zake zikafika kwetu. Fundi mmoja, Adolphe Kégresse, aliyefanya kazi kwa mfalme wa Urusi, alikuwa amevumbua motokari yenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma, isiyozama katika mchanga wala katika teluji. Mikanda ile ilikwisha kupita Sahara toka mwisho wa 1922 mpaka mwanzo wa 1923. Kisha, tarehe 28 mwezi wa kumi 1924, motokari nane ziliondoka Colomb-Béchar, Algeria, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Kila moja ilikuwa na jina lake, na ya Haardt iliitwa Scarabée d'or. Safari yenyewe wakaiita Croisière noire. Citroën mwenyewe hakwenda, alibaki Paris. Lakini alama ya kazi yake ilikuwa kila mahali: mbele ya motokari kufika, watu wengine walikwisha kutumwa kuweka mafuta, chakula na piesi njiani. Bila depo zile, Scarabée d'or ingebaki porini mpaka miti iote ndani yake.

Zilitoka Bangui, zikaingia Congo ya Wabeleji, zikapita Buta, Stanleyville, inchi ya Wamangbetu na pori ya Ituri, mpaka Kampala. Kule wakagawanyika katika vikundi vine, na kikundi kimoja kikashuka kupitia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mpaka Cape Town. Haardt akafika Antananarivo, Madagascar, tarehe 26 mwezi wa sita 1925.

Vitabu vinasifu mikanda ya mpira. Sisi tuongeze jambo moja: katika pori yetu mikanda ile haikufungua njia yenyewe. Utawala wa Wabeleji ulitoa watu wa vijiji kwa maelfu, wakakata miti na kulalisha magogo katika matope ili motokari zipite. Tunajua majina ya motokari zote nane. Majina ya waliokata miti hayakuandikwa. Paris ilichukua kitu kingine tena: sura za watu wetu. Mchoraji Alexandre Iacovleff alizichora, Léon Poirier akatoa filimu mu 1926, na mchongaji François Bazin akatengeneza kichwa cha mwanamke Mumangbetu, na nywele zake zilizosukwa kuelekea juu, cha kufungwa juu ya radiateur. Leo wakusanyaji wa motokari za zamani wanakitafuta sana.

Turudi kwa Citroën. Mu 1929 alikuwa anatoa motokari karibu laki moja kwa mwaka. Lakini alikuwa mtu wa mchezo wa pesa: usiku katika kazino, mchana katika kiwanda. Ulaya ikaingia katika taabu ya uchumi, yeye hakupunguza. Mu 1933 alibomoa kiwanda cha Javel na kukijenga upya, na wakati huo huo alikuwa anatayarisha motokari mpya kabisa, Traction Avant, inayovutwa na magurudumu ya mbele, yenye mwili wa chuma usio na châssis chini. Ilitoka mu 1934, haraka kupita kiasi, na za kwanza zilisumbua wanunuzi. Deni likamshinda. Mwezi wa kumi na mbili 1934 kampuni ikafilisika, na Michelin, aliyemdai zaidi, akaichukua. Citroën alikufa kwa kansa ya tumbo tarehe 3 mwezi wa saba 1935, mbele ya kuona Traction inashinda. Ilitengenezwa mpaka 1957, zaidi ya 700,000.

Kreseri anamfahamu mtu huyu. Anapata jiwe kubwa, analirudisha lote mchezoni, akingojea jiwe kubwa kupita lile. Baba alipoteza katika diama, mtoto akapoteza katika motokari.

Kilichobaki ni piesi. Traction zingali zinatembea Ulaya juu zilitengenezwa nyingi na kwa kipimo kimoja: moja iliyokufa inaponyesha ingine, na vyama vya wenye nazo vinatengeneza piesi mpya zilizokosekana. Scarabée d'or ya kwanza ingaliko Ufaransa. Juzi juzi wanafunzi wa ufundi walipima kila kipande chake kwa mashini, wakajenga ndugu yake, ikatembea mu 2019.

Kwa hiyo, mwenye motokari ya zamani katika lupango asiiuze kwa kilo kwa watu wa mitraille bila kuiangalia. Kwanza asome kibati kidogo chenye namba kilichopigwa misumari mbele. Namba ile njo jina lake, na bila jina hakuna piesi. Pili, apige picha mbele ya kufungua, na kila bulo iingie katika kopo yake yenye maandishi. Tatu, moteri iliyokwama isilazimishwe: atoe mabuji, amwage mafuta ya moteri ndani ya silinda, aache siku kadhaa, kisha azungushe kwa mkono, polepole. Mara mingi inakubali. Ikikataa, piesi zilizobaki zingaliko na mtu anayezitafuta, na zile hazipimwi kwa kilo.