John Akii-Bua

John Akii-Bua (3 Desemba 1949 – 20 Juni 1997) alikuwa mwanariadha wa Uganda katika mbio za mita 400 kuruka viunzi. Mwaka 1972 aliipatia nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, na alikuwa mtu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48.

== Maisha ya awali ==
Alizaliwa Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia kubwa yenye wake wengi na watoto zaidi ya 40. Alijiunga na jeshi la polisi huko Kampala, na ndiko kipaji chake kilikoonekana. Kocha wake wa kwanza alikuwa polisi mwenzake, Jerom Ochana, naye pia mruka viunzi. Baadaye alifundishwa na Mwingereza Malcolm Arnold. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh alishika nafasi ya nne.

== Mazoezi ==
Mbio hizi zina viunzi 10, kila kimoja chenye kimo cha sentimita 91.4, na kati ya kiunzi na kiunzi kuna mita 35. Akii-Bua alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye vipande vya uzito, akiruka viunzi virefu kuliko vya mashindano. Alipoivua fulana hiyo siku ya mashindano, mwili ulikuwa umekwisha kuzoea kazi nzito zaidi.

Aliweza pia kutanguliza mguu wowote. Mkimbiaji anapochoka, hatua zake hufupika na idadi yake kati ya viunzi huongezeka. Ikiongezeka kwa hatua moja, mguu wa kuruka hubadilika. Anayetegemea mguu mmoja tu hulazimika kuongeza hatua mbili, hivyo hupoteza muda.

== Munich 1972 ==
Katika fainali ya tarehe 2 Septemba 1972 alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko za njia nyingine. Hata hivyo alishinda kwa sekunde 47.82, akivunja rekodi ya sekunde 48.12 iliyowekwa na David Hemery wa Uingereza mwaka 1968 huko Mexico.

Nyuma yake, Ralph Mann wa Marekani alipata fedha kwa sekunde 48.51 na Hemery shaba kwa 48.52. Jicho la mwamuzi mwenye saa ya mkononi haliwezi kutenganisha tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ilihitajika saa ya umeme inayoanzishwa na mlio wa bastola, pamoja na kamera kwenye mstari wa mwisho. Kuanzia mwaka 1977 upimaji wa namna hiyo ulikuwa sharti la rekodi za dunia hadi mita 400. Katika mbio ndefu zaidi sehemu ya kumi iliendelea kutumika: rekodi ya mita 1500 ya Mtanzania Filbert Bayi, ambaye baadaye alianzisha shule Kibaha, iliandikwa mwaka 1974 kuwa dakika 3 na sekunde 32.2.

== Miaka ya shida ==
Akii-Bua alipandishwa cheo katika polisi, lakini utawala wa Idi Amin uliwatesa sana watu wa Lango na Acholi. Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika. Huko Edwin Moses wa Marekani alishinda kwa sekunde 47.64 na kuivunja rekodi yake; Akii-Bua hakupata nafasi ya kuitetea uwanjani.

Mwaka 1979, wakati majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yalipomwondoa Amin, alikimbilia Kenya akaishi kambini kama mkimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kwenda Ujerumani na kumpa kazi. Alishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 bila kufika fainali.

== Kifo na kumbukumbu ==
Baadaye alirudi Uganda, polisi na kazi ya ukocha. Alifariki akiwa na umri wa miaka 47 na kuzikwa kwa heshima za kitaifa. Uganda ilisubiri hadi mwaka 2012 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki, kupitia Stephen Kiprotich katika mbio za marathoni.