Mwenyeheri Irene Stefani, Mhamiaji Aliyewahudumia Wapagazi



Wengi wetu tunaoishi Mbagala, Tandika, Tegeta au Mbezi hatukuzaliwa huko. Tulikuja kutoka Songea, Kigoma au Singida kutafuta maisha, tukapanga chumba kimoja, tukaanza upya mahali ambapo hakuna aliyejua jina la baba yetu. Hivyo tutamwelewa vizuri mhamiaji huyu.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, Brescia, kaskazini mwa Italia, akaitwa Mercede. Kwao walizaliwa watoto 12. Miaka ile umaskini na ukosefu wa kazi viliwafanya Waitalia wapande meli kwa wingi kwenda Marekani, Brazili na Argentina. Mwaka 1913 peke yake waliondoka zaidi ya 800,000. Walikwenda kutafuta mkate, na wengi hawakuwaona tena wazazi wao.

Mercede naye aliaga kwao, ila kwa sababu nyingine. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata mjini Torino, shirika lililoanzishwa na Padre Giuseppe Allamano mwaka mmoja tu kabla. Akapewa jina la Irene, akaweka nadhiri Januari 1914, na mwishoni mwa mwaka huo akapanda meli ya kuja Mombasa.

Alikuta vita. Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigania nchi zetu, na Waafrika wengi walichukuliwa, mara nyingi kwa nguvu, kubeba mizigo ya majeshi. Maelfu kwa maelfu walikufa, zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao tunaitamka kila siku tunapopanda daladala, kwa kuwa jina la Kariakoo limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Sista Irene alitumwa kwenye hospitali za wapagazi hao: Voi, kisha Kilwa, Lindi na hapa Dar es Salaam. Dawa zilikuwa haba na wagonjwa walilala wamesongamana. Aliosha vidonda, alilisha wasioweza kuinua mkono, alikesha na wanaokata roho. Wao walitolewa makwao bila hiari. Yeye alitoka kwao kwa hiari. Mgeni akawa ndugu wa wageni.

Baada ya vita, kuanzia mwaka 1920, aliishi Gikondi, Nyeri. Alifundisha shule, akatembea kwa miguu kilima hadi kilima kuwatembelea wagonjwa. Vijana wa huko walipokwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi hakuwasahau. Aliwaandikia barua ili wasikate mawasiliano na wazazi wao wala wasipoteze imani. Wenyeji wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Mwaka 1930 alimuuguza mwalimu mmoja aliyekuwa na tauni, akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba, akiwa na umri wa miaka 39, bila kurudi kuishi Anfo. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Tunajifunza nini? Sisi waseminari huenda kesho tukatumwa parokia ambayo lugha yake hatuijui na chakula chake hatujakizoea. Tukienda kama watu wanaosubiri uhamisho, waamini watatambua mapema. Irene alikwenda kama mtu aliyefika nyumbani.

Nasi waamini tujiulize: mpangaji aliyehamia mwezi uliopita chumba cha jirani, je, Jumuiya yetu Ndogo Ndogo imeshabisha hodi kwake? Au tunasubiri tuulizane jina lake siku ya msiba? Na yule kijana wetu aliyekwenda mbali kutafuta riziki, mara ya mwisho tulimpigia simu lini?

Mwenyeheri Irene Stefani, utuombee.