Nathaniel Bowditch, Bingwa wa Hesabu za Baharini

Nathaniel Bowditch alizaliwa mwaka 1773 katika mji wa Salem, pwani ya Marekani. Ndio mji ambao merikebu zake baadaye zilileta Unguja nguo za amerikani. Babaye alikuwa fundi wa mapipa, naye alikuwa maskini mwenye watoto wengi. Kwa hiyo Nathaniel alipokuwa na umri wa miaka 10 aliacha shule, akaenda kumsaidia baba yake. Alipotimiza miaka 12 alipelekwa kuandika hesabu katika duka la vyombo vya merikebu, akakaa katika kazi hiyo mpaka alipokuwa na miaka 21.

Shule ilikwisha, lakini kujifunza hakukukoma. Kila alipopata nafasi alishika kitabu na kalamu. Hakuridhika kulipitisha jambo machoni tu. Alilinakili katika daftari, kisha akaifanya hesabu yenyewe tangu mwanzo hata mwisho. Alipopata kitabu cha Newton alikuta kimeandikwa kwa Kilatini. Hakukiweka kando, bali alijifunza lugha ile neno kwa neno, mpaka akakielewa.

Mwaka 1795 alisafiri baharini mara ya kwanza. Siku zile manahodha walijua mahali walipo kwa kupima jua, mwezi na nyota, kisha kutazama majedwali ya tarakimu vitabuni. Tarakimu moja ikikosewa, merikebu yaweza kupanda mwamba na watu wakafa. Bowditch alikuwa na desturi ya kujaribu kila jibu, hata lililopigwa chapa. Basi alihesabu upya majedwali ya kitabu cha Mwingereza John Hamilton Moore, kitabu walichokitumaini mabaharia wengi, akaona makosa maelfu. Kosa moja lilikuwa hili: mwaka 1800 ulihesabiwa kuwa na siku 366, kumbe ulikuwa na siku 365. Kwa kosa hilo nahodha aliweza kupotea maili 20 na zaidi.

Katika safari zake aliwafundisha mabaharia wenzake, na husemwa kwamba hata mpishi alijua kupima mwezi. Mtu asipoelewa, Bowditch alitafuta maneno mepesi zaidi, akayaandika yale yaliyoeleweka. Mwaka 1802 alitoa kitabu chake mwenyewe.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1803 alikuwa nahodha, akirudi Salem katika dhoruba ya theluji. Pwani ile ina miamba mingi. Aliiona taa ya kisiwani kwa kitambo kidogo tu, ikafichika tena. Lakini hesabu zake zilikuwa sawa, akaingia bandarini salama.

Alikufa mwaka 1838. Kitabu chake, kilichotengenezwa upya mara nyingi, hutolewa na serikali ya Marekani hata leo. Aliyeacha shule angali mtoto amekuwa mwalimu wa mabaharia, kwa kuwa kila siku alifanya kidogo, akaandika, akahakikisha jibu lake.