Moyo wa Hayati Mzee Jomo Kenyatta

Hayati Mzee Jomo Kenyatta alistahimili kifungo cha Lokitaung, akawa Waziri Mkuu mwaka 1963 na Rais mwaka 1964. Moyo wake ndio haukustahimili. Mwaka 1966 alipatwa na shambulio la moyo, enzi ambazo tiba ya kuzibua mishipa haikuwa imeenea. Na kuzibua nako kuna hatari yake: mwaka 1960 Mmarekani Robert Jennings alionyesha, kwa mioyo ya mbwa, kwamba damu inaporejea, misuli iliyokosa oksijeni huweza kuharibika upesi zaidi. Ajabu, lakini ndivyo.

Agosti 21, 1978 Mzee alikuwa Msambweni, kusini mwa Likoni. Alfajiri iliyofuata, katika Ikulu ya Mombasa, shambulio jingine la moyo lilimwondoa duniani.